Mkono wa Josephus na Mkono wa Mnakili

Flavius Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37 na kufariki Roma karibu na mwaka 100, aliacha vitabu thelathini kwa Kigiriki, lakini umaarufu wake miongoni mwa wasomaji wa dini hautokani na wingi huo, bali na vifungu vitatu ambavyo vikiwekwa pamoja havizidi kurasa mbili. Katika kifungu kimoja anamtaja Yohana Mbatizaji, ambaye Waislamu humwita Nabii Yahya. Katika kingine anamtaja Yesu, yaani Nabii Isa. Na katika cha tatu anamtaja Yakobo, ndugu yake Yesu. Kwa kuwa waandishi wasio Wakristo waliogusia mambo hayo mapema ni wachache mno, na Tacitus wa Roma aliandika habari zake kiasi cha miaka ishirini baada ya Josephus, vifungu hivyo vimetwishwa mzigo wa ushahidi ambao mwandishi wake hakuukusudia, na swali la kama vinaaminika limebishaniwa huko Ulaya tangu karne ya 16.

Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Vanga, swali hilo lina uzito wake wa pekee. Kwale ni kaunti ambayo wengi wa wakazi wake ni Waislamu, Wadigo wakiwa mbele, na ambayo ina makanisa pia, hasa Ukunda na Diani ambako hoteli zimewavuta wafanyakazi kutoka bara. Mihadhara ya kulinganisha dini, iliyoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980 kwa athari ya Ahmed Deedat wa Durban, imewazoesha wasikilizaji wa pande zote mbili kudai ushahidi wa maandishi, wenye jina la kitabu na namba ya fungu. Palipo na desturi hiyo, Josephus hutumika kwa namna mbili zinazopingana: Mkristo humwita awe shahidi wa nje, Myahudi asiyeamini ambaye hata hivyo amekiri kwamba Yesu alisulubiwa na kufufuka, na Mwislamu humwita awe kielelezo cha kitabu kilichoingiliwa na mikono ya watu, kwa hiyo hakifai kuitwa shahidi. Madai yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwa sababu yote yanamchukulia Josephus kama kipande kimoja cha kukubaliwa au kutupwa, ilhali maandishi yaliyonakiliwa kwa mikono kwa zaidi ya miaka elfu hayapimwi kwa jumla, hupimwa mstari kwa mstari.

Kabla ya kuupima mkono wa wanakili ni lazima kuupima mkono wa mwandishi mwenyewe, na hapo kuna mambo ya kutosha ya kutilia shaka. Josephus alizaliwa katika ukoo wa makuhani, akapewa uongozi wa vita huko Galilaya Wayahudi walipoasi dhidi ya Roma mwaka 66, na mwaka uliofuata akajisalimisha baada ya kuzingirwa katika mji wa Yotapata, ambako wenzake waliojificha naye pangoni walikubaliana kuuana kuliko kutekwa, naye akawa mmoja wa wawili waliobaki hai. Alipofikishwa mbele ya jemadari Vespasian alimtabiria kwamba atakuwa kaisari, na utabiri huo ulipotimia mwaka 69 akafunguliwa minyororo. Akawa upande wa jeshi la Tito, mwana wa Vespasian, wakati Yerusalemu ilipoangushwa mwaka 70, kisha akapewa nyumba, posho na uraia mjini Roma, pamoja na jina la ukoo wa kifalme, Flavius, ambalo hata leo hutangulia jina lake. Huko ndiko alikoandika Vita vya Wayahudi katika miaka ya 70, na baadaye, katika mwaka wa 93 au 94, Mambo ya Kale ya Wayahudi, kazi yenye vitabu ishirini ambamo vifungu vyote vitatu vinavyojadiliwa hapa vinapatikana.

Mtu wa namna hii si mgeni kwa historia ya pwani. Ukoo wa Mazrui ulipopokonywa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, tawi lake moja lilihamia Gazi, karibu na Msambweni, ambako Mbaruk bin Rashid alikuja kuongoza upinzani mpaka aliposhindwa na Waingereza katika vita vya 1895 na 1896; na historia ya ukoo huo ikaja kuandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwana wa ukoo uleule, ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya chini ya serikali ya Kiingereza. Sheikh Al-Amin hakuwa Josephus, wala hakusaliti mtu, na kuwalinganisha kwa tabia ni kumdhulumu. Kinacholingana ni nafasi ya kuandikia, yaani hali ya msomi anayewaandika jamaa zake walioshindwa huku akiishi chini ya dola la washindi. Msomaji mwenye busara hatupi maandishi ya aina hiyo kwa sababu tu mwandishi wake ana ukoo na ana mwajiri. Anachofanya ni kujiuliza kila mara kama jambo linalosimuliwa lilimpa mwandishi faida au hasara, na kuliamini zaidi lile ambalo halikumpa chochote. Kwa kipimo hicho Josephus haaminiki sana anapojieleza mwenyewe, anapomsifu Tito au anapowatupia waasi lawama zote za vita, lakini kuhusu Wakristo, ambao kwake walikuwa kikundi kidogo kisicho na manufaa wala madhara, hakuwa na sababu kubwa ya kudanganya. Shaka inayobaki hapo ni juu ya waliompokea.

Kifungu maarufu kimo katika kitabu cha kumi na nane cha Mambo ya Kale, katikati ya habari za Pontio Pilato aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Kama kinavyosomeka katika nakala zote za Kigiriki zilizopo, kinaeleza kwamba wakati huo aliishi Yesu, mtu mwenye hekima, ikiwa inafaa kumwita mtu. Kwamba alitenda maajabu, akawavuta Wayahudi na Wagiriki wengi. Kwamba alikuwa ndiye Masihi. Kwamba Pilato alimhukumu msalaba kwa mashtaka ya wakuu wa Wayahudi. Kwamba siku ya tatu aliwatokea wafuasi wake akiwa hai, kama manabii walivyotabiri. Na kwamba jamii ya Wakristo, iliyopata jina lake kutoka kwake, ilikuwa haijatoweka. Ugumu wa maneno haya hauhitaji usomi mwingi kuuona. Mtu anayekiri kwamba Yesu ndiye Masihi, kwamba alifufuka, na kwamba hayo yote yalitabiriwa, ni Mkristo, na Josephus alikufa Myahudi. Tena katika Vita vya Wayahudi alikuwa amekwisha kudai kwamba utabiri wa mtawala atakayetoka Uyahudi ulitimia kwa Vespasian. Ugumu mwingine uko katika mpangilio, kwa kuwa habari inayotangulia ni ya ghasia zilizozimwa na Pilato kwa damu, na habari inayofuata inaanza kwa kutaja balaa lingine lililowapata Wayahudi, kana kwamba habari ya Yesu haikuwa pale katikati. Hoja hii ya pili, hata hivyo, isitegemewe mno, kwa sababu Josephus ana mazoea ya kukatiza simulizi yake na kuirudia bila ya kumwomba msomaji radhi.

Hoja iliyo nzito zaidi, na inayostahili kukaliwa kwa muda, ni ile inayoitwa hoja ya kimya, yaani kudai kwamba jambo halikuwapo kwa sababu waliotarajiwa kulitaja hawakulitaja. Waandishi wa Kikristo Klementi wa Aleksandria na Tertullian walimjua Josephus na kumtaja kwa jina, wala hawakunukuu kifungu hiki. Origen, ambaye aliishi Kaisaria katika Palestina na kuandika katikati ya karne ya tatu, aliijua kazi ya Josephus vizuri, akaitumia habari ya Yohana Mbatizaji na ile ya Yakobo, lakini habari ya Yesu hakuigusa. Wa kwanza kuinukuu ni Eusebius, askofu wa Kaisaria hiyohiyo, mwanzoni mwa karne ya nne, akitumia maktaba iliyorithi vitabu vya Origen. Kutoka hapo baadhi ya wasomi, kuanzia Tanneguy Le Fèvre wa Ufaransa katika karne ya 17 hadi Ken Olson katika siku hizi, wamehitimisha kwamba Eusebius mwenyewe ndiye aliyekitunga.

Watu wa Kwale wana kesi yao wenyewe ya hoja hii, na inafundisha mengi kuliko maelezo ya jumla. Mapokeo ya Wamijikenda yanasema kwamba mababu zao walitoka Shungwaya, nchi iliyokuwa kaskazini, wakafukuzwa na Wagalla, wakashuka na kujenga kaya, yaani makazi yenye boma ndani ya msitu, na katika masimulizi ya Wadigo wao ndio waliotangulia, na Kaya Kinondo, msitu ulio kusini ya Diani, ndiyo iliyokuwa kaya yao ya kwanza. Habari hiyo imo pia katika maandishi ya Kiarabu yanayoitwa Kitab al-Zunuj, ambayo Enrico Cerulli wa Italia aliyachapisha mwaka 1957 na ambayo nakala zake zinazojulikana hazina umri mkubwa. Mwaka 1972 Fred Morton aliandika kwamba Shungwaya haionekani katika taarifa za mapema za karne ya 19 kuhusu Wamijikenda, na kwa hiyo habari hiyo ni ya baadaye, iliyoingia kwa sababu za kisiasa za wakati wake. Thomas Spear, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa kaya na kuchapisha kitabu chake juu ya kaya mwaka 1978, alimjibu kwamba kimya cha wageni si kimya cha wenyeji, na kwamba lugha na mila zina ushahidi wake. Kwani Kidigo ni ndugu wa Kipokomo, Kiswahili na Kikomoro katika kundi la lugha ambalo wanaisimu huliita Sabaki. Waakiolojia nao wakaleta ugumu mwingine, kwa kuonyesha kwamba nyuma ya pwani hiyo waliishi wakulima kwa karne nyingi kabla ya wakati ambao uhamaji huo husemwa kutokea.

Kinachofaa kuchukuliwa katika mabishano hayo si uamuzi wa nani alishinda. Ni kwamba kimya hakina thamani moja, maana mmisionari aliyefika Rabai katika miaka ya 1840 akiwa na maswali yake juu ya Mungu na roho, kama alivyokuwa Johann Ludwig Krapf, angeweza kuishi miaka mingi na wazee bila ya kuambiwa habari ambayo hakuuliza, na kwa hiyo kimya chake ni chepesi. Lakini mtu aliyeuliza hasa chimbuko la watu hao, akaandika jibu lingine, kimya chake ni kizito. Origen yuko upande gani? Origen hakunyamaza tu, kwani katika maandishi yake dhidi ya Celsus, mpinzani wa Ukristo, na tena katika ufafanuzi wake wa Injili ya Mathayo, alisema waziwazi kwamba Josephus hakumwamini Yesu kuwa Masihi. Maneno hayo ni ushahidi wa moja kwa moja kwamba nakala aliyokuwa nayo Origen haikuwa na ukiri unaosomeka leo. Hayathibitishi, hata hivyo, kwamba nakala hiyo haikuwa na lolote juu ya Yesu, kwa sababu kama ilikuwa na mistari michache ya baridi, inayosema kwamba aliishi, akakusanya wafuasi, akauawa, basi mtetezi wa Ukristo hakuwa na faida ya kuinukuu mbele ya mpinzani ambaye hakukana kwamba Yesu aliishi na kuuawa. Kimya kinaubomoa ukiri. Habari tupu hakiigusi.

Hapo ndipo wasomi wengi wa sasa wanaposimama, na msimamo wao ungeeleweka upesi na mwanafunzi yeyote aliyesoma istilahi za hadithi katika madrasa ya pwani. Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe yaliyopokewa, na wana jina la hadithi ambayo maneno ya mpokezi yameingia ndani ya matini kiasi cha kudhaniwa kuwa sehemu yake: wanaiita mudraj. Hukumu ya mudraj si kuitupa hadithi yote, bali ni kuyatafuta maneno yaliyoingizwa, kwa kulinganisha njia nyingine za upokezi au kwa kuona kwamba maneno fulani hayawezi kutoka kwa yule anayenasibishiwa, na kuyatenga. Maneno hayo aghalabu hayakuingizwa kwa hila. Mpokezi alieleza jambo, na aliyemsikiliza hakutofautisha maelezo na mapokeo. Katika vitabu vya Kigiriki vilivyonakiliwa na watawa, maelezo ya msomaji yaliyoandikwa pambizoni yaliweza kuingia katika mistari kwa njia hiyohiyo, na si lazima kumtafuta mghushi aliyekaa usiku na kupanga njama.

Mwaka 1991 John Meier, padri na mtaalamu wa Agano Jipya wa Marekani, aliondoa katika kifungu hicho sehemu tatu tu, yaani shaka kama Yesu aitwe mtu, ukiri kwamba ndiye Masihi, na habari ya kufufuka, akaonyesha kwamba kilichobaki kinasomeka bila pengo na kwa namna ya kuandika ya Josephus. Jawabu hili limependwa, na lina nguvu, kwa mfano katika kuonyesha kwamba Mkristo wa karne ya nne asingetosheka kumwita Yesu mtu mwenye hekima tu, wala asingeandika kwamba Yesu mwenyewe aliwavuta Wagiriki wengi, jambo ambalo Injili hazilisemi. Lakini lina udhaifu ambao wanaolitumia katika mijadala hawautaji. Ukikata kila neno ambalo Mkristo pekee angeliandika, kitakachobaki hakina budi kuwa maneno ambayo asiyekuwa Mkristo angeweza kuyaandika. Kisu kimefuata mstari uliochorwa kabla, na mabaki hayo hayawezi tena kuwa ushahidi wa kwamba mstari ulichorwa mahali sahihi. Wanazuoni wa hadithi walijihadhari na hatari hii kwa kudai, kila ilipowezekana, njia nyingine ya upokezi ambamo nyongeza haimo.

Njia za namna hiyo, kwa bahati, zipo, na mojawapo ni ya Kiarabu. Katika karne ya 10 Mahbub bin Qustantin, askofu wa Manbij katika Shamu ambaye Ulaya humwita Agapius, aliandika tarehe ya ulimwengu inayojulikana kama Kitab al-Unwan, na ndani yake akanukuu habari ya Josephus juu ya Yesu kwa sura iliyo tofauti: humo kufufuka kunatajwa kama jambo lililosimuliwa na wanafunzi, na Umasihi wa Yesu unatajwa kwa neno la labda. Shlomo Pines wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu alipoitangaza nukuu hiyo mwaka 1971, wengi walidhani kwamba hatimaye maneno ya Josephus yasiyoguswa yamepatikana. Furaha hiyo ilikuwa ya haraka. Askofu huyo alikuwa akitumia vyanzo vya Kisiria vilivyotokana na Eusebius mwenyewe, na upole wa maneno yake unaweza kuwa wa mfasiri au wa mfupishaji. Alice Whealey, aliyeifuatilia historia ya kifungu hiki kwa makini, anaona kwamba tafsiri ya Kisiria iliyohifadhiwa na Mikaeli wa Antiokia katika karne ya 12, isemayo kwamba Yesu alidhaniwa kuwa Masihi, iko karibu zaidi na asili. Maneno ya namna hiyohiyo yako kwa Jerome, aliyeandika kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya nne. Watu wawili, mmoja upande wa Kilatini na mmoja upande wa Kisiria, kukutana katika neno hilo bila ya mmoja kumsoma mwingine ni jambo lisiloelezeka kwa urahisi isipokuwa nakala fulani ya kale ilikuwa nalo. Nakala ya Kigiriki iliyo kongwe kuliko zote za kitabu cha kumi na nane, iliyoko Milano, ni ya karne ya 11, kwa hiyo ushuhuda wa Jerome unatangulia kila karatasi ya Kigiriki ya kitabu hicho iliyopo duniani.

Inafaa kutahadharisha hapa juu ya Josephus mwingine anayezunguka katika maandishi ya Kiarabu na ya Kihabeshi, maana jina limeleta mkanganyiko. Yusuf bin Kuryun, ambaye Ibn Khaldun alimtegemea katika habari za Wayahudi, si Josephus mwenyewe bali ni kitabu cha Kiebrania kilichotungwa kusini mwa Italia katika karne ya 10, kikafasiriwa kwa Kiarabu na kutoka Kiarabu kwenda Kigeezi, ambako kinaitwa Zena Ayhud na kinaheshimiwa na Kanisa la Ethiopia. Ni kazi yenye thamani yake, lakini atakayeileta katika mjadala juu ya Yesu kama maneno ya mwanahistoria wa karne ya kwanza ameleta kitabu kilichokuja miaka mia tisa baadaye.

Tuseme, basi, kwamba Josephus aliandika mistari michache juu ya Yesu, na kwamba ilisema alidhaniwa kuwa Masihi na aliuawa kwa amri ya Pilato. Mistari hiyo ingempa nini Mkristo wa Diani au Mwislamu wa Msambweni? Ingempa kila mmoja kidogo kuliko anavyotaka. Josephus alizaliwa baada ya Pilato kuondoka Uyahudi, kwa hiyo hakuona; alichokuwa nacho ni habari iliyojulikana Yerusalemu alikokulia, na pengine habari aliyoisikia Roma, ambako Wakristo walikuwapo. Habari kwamba wanafunzi walidai kumwona Yesu akiwa hai ni habari juu ya wanafunzi, na mwanahistoria anaweza kuithibitisha bila ya kuthibitisha kufufuka. Kadhalika, Aya ya 157 ya Sura An-Nisaa, inayokanusha kuuawa na kusulubiwa kwa Nabii Isa, inasema pia kwamba watu walifananishiwa, na wafasiri wengi wameieleza kuwa walioshuhudia waliona kile kilichowafanya waamini kwamba ameuawa. Ikiwa ndivyo, ripoti ya mtu wa mjini kwamba Yesu alisulubiwa ndiyo hasa ripoti ambayo msomaji wa aya hiyo angeitarajia, na Josephus hawezi kuitwa kuikanusha aya wala kuithibitisha. Ubishi huo ni juu ya ukweli ulio nyuma ya kilichoonekana, na mwanahistoria, hata aliye mwaminifu kabisa, huandika kilichoonekana na kilichosemwa. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna agizo la kale kuhusu habari zinazosimuliwa na Watu wa Kitabu, kwamba zisisadikiwe wala zisikadhibishwe pale ambapo hakuna dalili, na agizo hilo ni la kitaalamu kuliko wanavyodhani wale wanaolisoma kama adabu tu.

Ukweli ni kwamba kifungu maarufu kimekipokonya nafasi kifungu bora. Katika kitabu cha ishirini Josephus anaeleza yaliyotokea mwaka 62, baada ya liwali Festo kufa na kabla ya Albinus aliyetumwa kushika nafasi yake kuwasili: Ananus, kuhani mkuu kijana, aliitisha baraza la waamuzi, akamleta mbele yake Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Masihi, pamoja na watu wengine, akawashtaki kwa kuvunja sheria na kuwatoa wapigwe mawe. Watu wa mji waliojali sheria walichukizwa, wakapeleka malalamiko, na mfalme Agripa akamvua Ananus ukuhani mkuu baada ya miezi mitatu tu. Yakobo anatajwa kwa kupita, kwa namna ya kumtofautisha na Yakobo wengine wengi wa zama hizo, na Yesu anatajwa kwa kupita zaidi. Mkristo aliyetaka kuingiza habari angeingiza ile aliyoijua, nayo ni ile ya Hegesippus wa karne ya pili, ambamo Yakobo anatupwa kutoka juu ya hekalu na kumalizwa kwa rungu la dobi. Hapa hakuna hekalu, hakuna dobi, wala sifa yoyote ya utakatifu wake. Hata hapa pana utata, kwani Origen anadai kwamba Josephus alisema Yerusalemu iliangamia kwa sababu ya kuuawa kwa Yakobo, maneno yasiyopatikana katika nakala yoyote ya Josephus iliyopo leo, na huenda alichanganya kumbukumbu zake na kitabu kingine. Wapo pia wanaodai kwamba Yesu anayetajwa ni Yesu mwana wa Damneus, aliyepewa ukuhani mkuu baada ya Ananus na ambaye anatajwa mistari michache baadaye, na kwamba maneno aitwaye Masihi yalitoka pambizoni. Dai hilo linahitaji mtu atambulishwe kwanza kwa ndugu yake ambaye msomaji bado hajamjua, kisha ndugu huyo atambulishwe upya kwa jina la baba, na Josephus hakuwa mwandishi mzembe kiasi hicho.

Hata hivyo kifungu hiki bora ni habari ya Ananus kuliko ya Yakobo, na ndani yake mkono wa Josephus mwenyewe unajitokeza tena. Katika Vita vya Wayahudi, kilichoandikwa takriban miaka kumi na tano kabla, Ananus huyuhuyu ni mtu mwadilifu, mpenda amani, ambaye kuuawa kwake mwaka 68 ndiko kulikoanzisha maangamizi ya mji. Katika Mambo ya Kale amekuwa mkali, mjeuri na mfuasi wa Masadukayo, madhehebu ambayo Josephus anayataja kwa ugumu wa hukumu zao. Katika kitabu kinachoeleza maisha yake mwenyewe, kilichotoka pamoja na Mambo ya Kale au muda mfupi baada yake, Josephus anasimulia kwamba Ananus alipokea hongo na kukubali mpango wa kumwondoa yeye Josephus katika uongozi wa Galilaya. Kisasi hicho cha zamani kinaweza kueleza kwa nini kuuawa kwa Yakobo, ambako Vita vya Wayahudi havikutaja hata kidogo, kulipata nafasi katika Mambo ya Kale.